Grand Canyon na bi mkubwa

Hatimaye tumefika Grand Canyon, lile korongo kubwa la jimbo la Arizona, Marekani! Tulitoka Phoenix alfajiri na joto lake, tukapita misonobari ya Flagstaff, na pale ukingo wa kusini, mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, watoto wakaanza kudai masweta. Jangwa gani hili lenye baridi?

Pale Mather Point bi mkubwa alishika chuma cha uzio kwa mikono miwili, akachungulia, akasema "Subhanallah", basi. Korongo lina kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu, na mto Colorado uliolichimba unaonekana kipande tu, kama uzi. Kitinda mimba wetu yeye macho kwa kindi aliyekuwa akivizia chipsi zake. (Msiwalishe, wanang'ata!)

Kesho tunashuka kidogo njia ya Bright Angel. Bi mkubwa kashasema atabaki juu na chupa yake ya chai.