Karatasi Niliyobandika Juu ya Moto

Mwaka 2012 nilikuwa karani wa mizigo gatini Mokowe, upande wa bara mkabala na kisiwa cha Lamu. Lori likifika kutoka Mombasa, nahesabu, nabandika karatasi yenye jina la mpokeaji kwenye kila mzigo, kisha makuli wanapakia botini kuvukia Amu, Shela, au mbele zaidi hadi Faza. Nilikuwa na kopo la gundi na brashi, na nilijivunia kwamba hakuna mzigo wangu uliowahi kupotea.

Siku moja ya kaskazi yakashushwa mapipa 6 ya plastiki, kila moja kilo 45. Ilikuwa klorini ya bwawa la kuogelea, inakwenda Shela. Mapipa yalijaa vumbi la barabara nzima, na gundi haishiki kwenye vumbi. Pasafi palikuwa sehemu moja tu: juu ya kibandiko cha manjano chenye umbo la mraba uliosimama kwa pembe yake. Nikapaka gundi, nikabandika hapo hapo. Mara sita.

Nahodha alikuwa mzee wa Matondoni, sote tukimwita Ami. Chuo cha Kurani alisoma, shule hakwenda. Akaligonga pipa kwa kidole, akaniuliza:

"Mwanangu, hili lina nini ndani?"

"Dawa ya maji, Ami."

Ndivyo nilivyojua, na ndivyo alivyoelewa. Kwa kuwa ni dawa, akaihurumia na jua. Akaamuru ipangwe nyuma, chini ya turubai, karibu na injini na madumu ya petroli. Pipa la mwisho lilimponyoka kuli, likatua kwa ukingo. Kifuniko kikapasuka kidogo, tukakigandamiza kwa mkono tukaona basi.

Nami nilipanda, na hatukuwa tumefika mbali. Kwanza ilinijia harufu kali ya Jik, ya kuchoma pua, kisha nikasikia mchemko mdogo kama wa samli kikaangoni. Chembe nyeupe zilikuwa zimemwagika juu ya tambara la kufutia mafuta ya injini. Tambara likafuka moshi, halafu likawaka lenyewe, hakuna aliyewasha kiberiti, na moto ukaanza kulamba ubavu wa pipa. Kutoka pale hadi dumu la kwanza la petroli hapakufika hatua mbili.

"Mai! Leteni mai!" Ami alipiga ukelele. Tulichota bahari kwa ndoo, kwa sufuria, kwa chochote. Baharia mmoja aliyahamisha madumu mbali na moto akiyakumbatia moja moja kifuani. Mpaka leo nikimkumbuka kijana yule mwili unanisisimka. Klorini ile yenyewe haiungui, lakini inaulisha moto, na maji machache huzidi kuichokoza. Hilo nililisoma baadaye. Ami hakulisoma popote. Alimwaga tu bila kupumzika.

Ndoo ya tano au ya sita ndipo karatasi yangu ilipolowa, ikateleza, ikaanguka. Chini yake kibandiko cha manjano kilikuwa salama, hakijakunjika hata pembe. Mchoro mweusi wa mwali wa moto umekaa juu ya duara, na pembeni chini namba 5.1, namba ya vitu vinavyolisha moto. Kando yake kulikuwa na alama nyingine nyeupe, samaki na mti uliokauka.

Vibandiko hivyo vinatakiwa viweze kutambulika hata baada ya miezi 3 ndani ya maji ya bahari. Ndiyo kanuni ya kimataifa ya kusafirisha bidhaa za hatari kwa meli, iliyofanywa ya lazima mwaka 2004. Kontena lenye shehena kama ile hubeba mabango manne, moja kila upande, lisilopungua milimita 250 kwa 250, ili mtu ayaone kutoka mbali kabla hajasogea. Lakini kontena halifiki kwa Ami. Linafunguliwa bandari kubwa, mabango yanabaki huko, na pipa linasafiri peke yake na kibandiko chake cha milimita 100. Kwa mtu wa mashua hicho ndicho kinachobaki, na mimi nilikuwa nimekifunika. Kanuni hiyo hiyo inataka bidhaa ya namba 5.1 ikiwa sitahani, juu ya meli, ikae si chini ya mita 6 kutoka kwa petroli. Mimi niliacha viwekwe bega kwa bega.

Pipa lililoungua walilisukumia baharini kwa upondo. Maji yakatokota meupe, na baada ya muda vidagaa wakaanza kuelea matumbo juu, mmoja, kumi, kisha sikuhesabu tena.

Ami aliinama akakitazama kibandiko cha pipa lingine, pale karatasi yangu ilipochanika.

"Huu si moto?" akauliza.

"Ni moto, Ami."

"Moto nautambua, mwanangu. Hausomwi huu. Kwa nini uliufunika?"

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kwangu kama angepaza.

Sikuwa na jibu. Nilipiga magoti kwenye mbao zilizolowa, nikaanza kubandua karatasi zilizobaki kwa kucha, na gundi yangu ilikuwa nzuri, haikutoka upesi. Ami alipunguza mwendo akaningoja. Nilipomaliza la tano aliyahamisha yote hadi omoni, mbele kabisa ya mashua, mbali na petroli, kisha akashika usukani tukaendelea kwenda Shela.