Kitanda kitupu cha mwanangu

Jana nimerudi Biashara Street mara ya pili wiki hii. Mara ya kwanza nilibebeshwa seti nzima: mto, mfarishi, na vile vimito vya kuzungushia kitanda. Vinapendeza, sikatai! Nesi wa kliniki aliponisikia akatikisa kichwa: mtoto hajafika mwaka, vyote hivyo vyaweza kumziba pumzi. Marekani walipiga marufuku hata kuuza vile vya kuzungushia, 2022.

Mwenye duka hakurudisha pesa, ila alinibadilishia na kitambaa cha pamba. Nikashona shuka tatu za lastiki, maana kwa joto la Mombasa na mtoto kucheua maziwa, moja kwa siku haitoshi. Sasa kitandani mna godoro gumu lililoenea fremu, pembeni vidole viwili havipenyi, na shuka moja iliyokaza. Basi. Analala chali, chandarua nje ya kitanda, hakimgusi.

Kazi ni mamangu. Alishajaza mto wa sufi kwa mkono wake, ati kichwa cha mjukuu kisiwe bapa. Sikumvunja moyo. Nauegemea mimi nikinyonyesha.