Ahadi ya Benki Kuu na Kumbukumbu ya Mnunuzi

Mtu anapokisia bei zitakavyokuwa mwakani, hutazama nini hasa: bei alizokwisha kulipa au kauli ya benki kuu? Mwanauchumi Phillip Cagan, katika utafiti wake wa mwaka 1956, alichukulia kwamba watu huyarekebisha makisio yao kidogo kidogo kila yanapokosea. Mwanauchumi mwingine, John Muth, mwaka 1961, akashikilia kwamba hutumia taarifa zote walizonazo, pamoja na namna sera yenyewe inavyofanya kazi.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Tuchukue benki kuu mbili zenye lengo la mfumuko wa bei wa asilimia 2, na tuseme mwaka huu bei zimepanda kwa asilimia 1 pekee. Ya kwanza, inayofuata utaratibu ulioanzia New Zealand mwaka 1990, huyaacha yaliyopita na kulenga tena asilimia 2. Ya pili, inayolenga kiwango chenyewe cha bei, hulazimika kufidia pengo, hivyo mwakani italenga takriban asilimia 3. Wananchi wakiielewa ahadi hiyo na kuiamini, riba halisi, yaani riba baada ya kutoa mfumuko unaotarajiwa, hushuka hata kama riba inayotangazwa imekwisha kufika sifuri, kwa kuwa mkopo wa leo utalipwa kwa fedha iliyopungua thamani. Naipenda hoja hii, lakini nguvu yake yote imo katika kuelewa na kuamini. Anayeupima mfumuko kwa vitu anavyonunua kila siku ataona tu kwamba bei zimetulia, naye atatarajia utulivu uendelee, kinyume kabisa cha kile ambacho sera ilimhitaji akitarajie.

Marekani ilijaribu njia iliyo jirani na hiyo kuanzia Agosti 2020, kwa kulenga wastani wa asilimia 2, ila upungufu ndio uliopaswa kufidiwa, si ziada. Kipengele hicho kiliondolewa Agosti 2025.

Kwa maoni yangu, kumbukumbu huishinda ahadi, hata kwa wataalamu. Paul Volcker, mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani, alianza kubana fedha kwa nguvu Oktoba 1979, na ukosefu wa ajira ukavuka asilimia 10 mwaka 1982. Hata hivyo mwaka 1984, mfumuko ukiwa umeshuka hadi takriban asilimia 4, wakopeshaji bado waliidai serikali riba ya zaidi ya asilimia 12 kwa hati fungani za miaka 10, kwa sababu walikuwa hawajausahau mfumuko mkali wa miaka ya sabini.