Mnazi wa Dodoma

Jumamosi, jioni. Kucha zangu bado nyekundu. Nimezisugua kwa limau, kwa sabuni ya mche, wapi! Udongo wa huku ukishaingia kwenye kucha umehamia.

Kisa kilianza wiki tatu zilizopita, kipindi cha Sanaa na Michezo, darasa la tano. Niliwaambia wachore nyumbani kwao. Walipotoka nikabaki darasani na madaftari 72, nikafungua moja baada ya jingine: nyumba ya paa la pembetatu, jua kwenye kona, mnazi pembeni. Nyumba, jua, mnazi. Mnazi! Dodoma hii, ambako nazi tunaiona soko la Majengo ikiwa imeshushwa kwenye gari. Nikaanza kutafuta wa kumlaumu, hadi nilipoinua macho ubaoni. Ulikuwa pale, nimeuchora mwenyewe kwa chaki kama mfano. Mimi mtu wa Pangani. Nina miaka 11 huku, na mkono bado haujahama.

Daftari moja tu halikuwa na mnazi. Mlikuwa na mstatili mrefu, bapa, na vitone juu yake. Nikaandika kwa wino mwekundu: "Nyumba iko wapi?" Kesho yake mwenye daftari akanijia. "Shikamoo madamu. Hilo ni tembe la bibi. Juu ameanika mtama." Nimepita kando ya matembe mara ngapi nikienda Chamwino? Paa bapa la udongo, ndiyo, nyumba kabisa. Wino wa kalamu haufutiki.

Nikaamua tuanze upya, bila mfano ubaoni. Rangi hatukuwa nazo, basi tukatumia tulichokuwa tunakikanyaga. Udongo mwekundu wa nyuma ya madarasa, mkaa, majivu. Tulitwanga, tukachekecha kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, tukakoroga kwa uji mwepesi wa ngano ili rangi ishike. Brashi ni vijiti vilivyotafunwa ncha kama mswaki. Karatasi ni migongo ya kalenda za zamani. Ijumaa nikazifungia stoo, nikaondoka najisifu.

Jumatatu: panya. Walikuwa wamekula uji wote pamoja na kazi ya watoto, na kwa ustadi, maana walianza pale rangi ilipokuwa nzito. Mimi nusura nilie, watoto wanacheka.

Aliyetuokoa ni kijana mmoja ambaye huwa namgombeza kwa utoro, kwa sababu kuna siku anachunga mbuzi. "Madamu, tuweke utomvu wa mgunga. Ule tunaokula machungani." Akaleta vipande kwenye mfuko wa nailoni, vinang'aa kama sukari guru. Tukavilowesha usiku kucha, asubuhi vikawa vizito kama asali. Rangi ilishika, ukipitisha kidole haikufuati. Ukizidisha utomvu, inapasuka ikikauka, hilo tulijifunza kwa hasara. Baadaye nikasoma kwamba rangi za maji za dukani nazo hushikishwa na utomvu wa migunga ya aina hiyo. Mtoro wangu alikuwa fundi siku zote.

Wakati wanasubiri zikauke niliwaonyesha kwenye simu picha nilizopiga Kolo, kule Kondoa: watu wembamba warefu, twiga, vyote vyekundu juu ya mwamba. Nikawaambia mtafiti wa mambo ya kale, Mary Leakey, alikuja kuinakili michoro hiyo mwaka 1951, na 2006 UNESCO ikaiweka kwenye urithi wa dunia. Miaka haikuwashughulisha. Walitaka kujua rangi yake, na nilipotamka udongo mwekundu, wote wakatazama mikono yao. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Madamu, nani aliwasahihishia?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Jana tumezitundika ukutani kwa misumari. Minazi imebaki miwili, nimeiacha, huenda wana shangazi Tanga. Mwenye tembe alinivuta mkono nione lake. Ukuta wake haukuwa na wekundu wa shuleni, ulikuwa wa kahawia, na ukiukaribia unaona vipande vya nyasi ndani ya rangi.

"Udongo huu umeutoa wapi?"

"Kwenye tembe lenyewe."

"Bibi anajua?"

Akaangalia chini. "Nimechimba upande wa nyuma, madamu."