Nati na sadeli za mfupa kwenye gitaa la nyuzi za chuma: kumbukumbu ya kazi, Tanga

Gitaa lililo mezani ni la kawaida, la nyuzi za chuma. Kutoka nati hadi sadeli ni milimita 648, na upana wa nati ni milimita 43. Nati ni kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi pale shingo inapokutana na kichwa. Sadeli ni kile kilichochomekwa kwenye mfereji wa daraja, yaani kipande cha mbao kinachoshika nyuzi juu ya tumbo la gitaa. Vyote viwili vilikuwa vya plastiki, na sadeli ilipochomolewa ilikutwa na uwazi upande wa chini, kama ilivyo kwa magitaa mengi ya bei ya chini. Kipande cha namna hiyo kinagusa mbao kwa kingo tu, kwa hiyo mtetemo wa uzi unafifia kabla haujafika kwenye ubao.

Ambaye ana nafasi ya kubadilisha kimoja tu aanze na sadeli. Nati inahusika na uzi ukipigwa wazi. Ukishabana freti yoyote, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, kazi ya nati kwa uzi huo karibu imekwisha. Sadeli inabeba kila noti. Katika mji uliotoa bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, ambako mpiga solo anakaa kwenye freti za juu wimbo mzima, hilo si jambo dogo.

Januari, wiki ya kwanza: vipimo

Vipimo vyote vimechukuliwa gitaa likiwa limetyuniwa, kwa nyuzi mpya za 12 hadi 53 (unene kwa maelfu ya inchi). Mpindo wa shingo ulipimwa kwa kubana uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya 1 na ya 14, kisha kupima nafasi juu ya freti ya 7: milimita 0.35. Kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12 kilikuwa 3.4 kwa uzi wa sita na 2.9 kwa uzi wa kwanza. Sadeli ilitokeza juu ya daraja 5.6 upande wa uzi mnene na 5.0 upande wa uzi mwembamba.

Lengo ni 2.4 kwa uzi wa sita na 1.8 kwa uzi wa kwanza. Wengi huharibu hapa kwa kutoa tofauti yote kwenye sadeli. Fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo ikikazwa robo mzunguko na mpindo ukafika 0.2, kimo cha freti ya 12 kinashuka kama 0.1. Nati ikishuka 0.4, kimo cha freti ya 12, iliyo katikati ya uzi, kinashuka nusu yake, yaani 0.2. Kwa hiyo kabla sadeli haijaguswa uzi wa sita uko 3.1 na wa kwanza 2.6. Kilichobaki ni 0.7 na 0.8, na kwenye sadeli kinazidishwa mara mbili: 1.4 na 1.6. Sadeli mpya basi itatokeza 4.2 na 3.4. Isiwe chini sana ya 3, maana uzi utapita juu yake bila kuikandamiza vya kutosha na sauti italegea.

Mfupa

Buchani ombeni mfupa wa kongoro la ng'ombe, ule mnyoofu ulio kati ya goti na kwato. Ukuta wake ni mnene na hauna vitundu. Mfupa wa mbuzi ni mwembamba mno kwa nati. Toeni nyama na uboho, kisha upikeni kwa moto mdogo bila kutokota kwa nguvu. Mfupa uliochemshwa siku nzima unapoteza ile gundi yake ya asili na unakuwa kama chaki, na mafuta yanazama ndani badala ya kutoka.

Mafuta ndiyo adui. Mfupa wenye mafuta unageuka njano kwa madoa, haushiki gundi, na joto la pwani linayatoa nje baada ya miezi. Ulilowekwa siku kumi kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, maji yakibadilishwa kila siku. Baada ya hapo siku moja kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, chombo kikiwa wazi kwa sababu inatoa gesi. Msitumie jiki. Inaleta weupe haraka, lakini inakula kile kinachoushikilia mfupa pamoja.

Kisha wiki mbili kivulini. Si juani: jua la Januari linaupasua kwa urefu.

Februari: kukata

Msumeno wa chuma wenye meno madogo, mfupa ukiwa kwenye jiriwa kati ya vipande viwili vya mbao laini. Vipande viwili vya mm 74 × 11 × 3.5 kwa ajili ya sadeli, kimoja cha mm 45 × 10 × 6.5 kwa nati. Vaeni barakoa na mfanyie kazi nje. Vumbi la mfupa ni jepesi, linakaa kifuani, na harufu yake ni ile ya jino linalotobolewa.

Sehemu iliyokula muda ni upande wa chini wa sadeli, na ndiyo inayoamua kazi nzima. Mfupa uliokaa vibaya unazidiwa na plastiki iliyokaa vizuri. Msasa namba 240 ulibandikwa juu ya kipande cha kioo, upande wa chini wa sadeli ukapakwa penseli wote, ukasuguliwa mara tano, ukaangaliwa. Penseli ikibaki katikati, pana bonde. Ikibaki mwishoni, mkono unainama. Mzunguko huo ulirudiwa hadi penseli ikafutika yote kwa wakati mmoja. Kona pia ipimwe kwa guni ndogo (kifaa cha kupimia pembe mraba), maana sadeli iliyoinama inasimama kwa ukingo mmoja tu. Kwa gitaa lenye kinasa sauti chini ya sadeli kosa hilo linasikika kwenye spika papo hapo: uzi mmoja unapiga kelele, wa jirani yake umezimwa.

Unene ulishushwa kutoka 3.5 hadi 3.0, kidogo kidogo. Kipimo cha mkono: sadeli iingie kwa kusukumwa na kidole gumba, na gitaa likipinduliwa isidondoke. Ikihitaji koleo, daraja litapasuka siku moja. Ikicheza, nyuzi zitaivuta mbele na noti za juu zitapanda.

Upinde wa juu ulichorwa kwa kufuata upinde wa ubao wa vidole, kisha ukapigwa tupa. Kilele cha uzi wa pili kimerudishwa nyuma kuelekea pini zinazoshika nyuzi darajani, cha kwanza kimebaki mbele. Jaribio ni noti ya kengele kwenye freti ya 12 (uzi ukiguswa tu bila kubanwa) ikilinganishwa na noti iliyobanwa hapohapo: iliyobanwa ikiwa juu, kilele kirudi nyuma, ikiwa chini, kije mbele.

Nati

Ya zamani ilizungushiwa wembe kwanza ili rangi isibanduke nayo, kisha ikagongwa taratibu kwa kipande cha mbao kutoka upande wa freti. Gundi iliyobaki ilikwanguliwa kwa patasi kavu, bila maji.

Mikato haigawanywi kwa umbali sawa kati ya vitovu vya nyuzi. Ukifanya hivyo nyuzi nene zitaonekana zimebanana. Kinachotakiwa kuwa sawa ni uwazi kati ya uzi na uzi, hapa milimita 6.4. Kitovu cha uzi wa kwanza kiko 3.4 kutoka ukingoni, kisha hatua ni 6.8, 6.9, 7.1, 7.4 na 7.6, na uzi wa sita unabakiwa na 3.8 upande wake.

Tupa maalumu za nati hazipatikani kirahisi. Kwa nyuzi nyembamba zilitumika bapa za fila geji ya mafundi magari (vyuma vyembamba vya kupimia nafasi), zilizochanwa meno ukingoni: 0.35 kwa uzi wa 0.30, 0.45 kwa 0.41, 0.65 kwa 0.61. Kwa nyuzi nene, vile vijiti vyenye meno ambavyo mafundi wa gesi husafishia pua ya kulehemu vinafaa sana.

Tupa iinamishwe kuelekea kichwa cha gitaa, ili sehemu ya juu kabisa ya mkato iwe upande wa freti. Mkato wa uzi wa nne ulikatwa bapa, uzi ukawa unakaa upande wa nyuma na kutoa mlio wa nzi ukipigwa wazi. Ulisahihishwa kwa tupa tu. Mkato wa tatu ulizidi kina: ukibana kati ya freti ya 2 na ya 3, uzi ulilala kabisa juu ya freti ya 1, wakati ulitakiwa kubakiza mwanga mwembamba wa 0.05 hivi, na 0.1 kwa nyuzi nene. Ulijazwa vumbi la mfupa uleule na tone la supaglu, ukaachwa usiku kucha, ukakatwa upya. Ujazo huo unashika, ila ukirudiwa mara ya tatu ni bora kutengeneza nati nyingine.

Kina kikishafika, mfupa wa juu unapunguzwa hadi nusu ya uzi mnene ionekane. Kama uzi unatoa "tik" wakati wa kutyuni, mkato unaubana. Unga wa penseli ndani ya mikato yote. Gundi ya mbao matone mawili tu, kwa sababu siku moja nati hii nayo itatolewa.

Kung'arisha: msasa 400, 800, 1200, halafu dawa ya meno kwenye kitambaa, na mwisho nyuzi za mkonge zilizosokotwa kama mswaki. Hapa mkonge mkavu uliutia mfupa mng'ao ambao kitambaa hakikuufikia.

Hali ya sasa

Uzi wa sita 2.4, wa kwanza 1.8, hakuna freti inayolia. Nyuzi nyembamba zimepata mwili na noti inakaa muda mrefu zaidi. Besi haijabadilika kwa kiasi hicho.

Sadeli ya pili imetengenezwa ikiwa chini kwa 0.6, iko ndani ya begi la gitaa. Masika yakianza ubao wa juu utavimba na kuinua daraja, na 0.3 kwenye freti ya 12 ni kitu cha kutarajia. Kuweka karatasi chini ya sadeli moja na kuitoa kwa msimu hakufai hapa, karatasi inanyonya unyevu na kulainika. Kipimo kinachofuata ni cha Aprili, kwa nyuzi zilezile kama chumvi ya bahari itakuwa haijazila.