Mafuta ya cherehani

Jana mke wangu alikuwa anapaka cherehani mafuta, yale ya kichupa chenye mdomo mwembamba, mi nipo kibarazani na chai yangu, harufu ikanifika na kidole changu cha kulia kikajikunja chenyewe. Akaniuliza una nini, nikamwambia ganzi.

Sio ganzi. Baba mdogo bunduki yake aliipaka mafuta hayo hayo.

Ilikuwa shotigani ya mitutu miwili, ya kukunja katikati, ana leseni nayo na aliitunza kuliko baiskeli yake. Mwaka 2003 mi nishamaliza fomu foo, matokeo yalivyokuja ndo nikapelekwa Urambo kwa baba mdogo "kusaidia", mnajua maana yake. Shamba la tumbaku, mabani mawili ya kuikaushia, nyumba iko peke yake miyomboni huko. Msimu wa malipo wa mwaka uliotangulia majambazi walikuwa wamemwingilia mzee mmoja jirani yetu, wamesikia hela ya tumbaku imetoka, wakamkata mapanga na hela yenyewe alikuwa hajalipwa bado. Sungusungu walikuwepo kijijini na filimbi zao na mishale, ila sisi tuko mbali, hata upige mwano, yani yowe la kuomba msaada, mpaka watu wakusikie na wafike wale jamaa washakula ugali wako na kuondoka.

Basi baba mdogo akaamua atufundishe. Alikwenda vita vya Uganda 1979 akiwa mgambo, na alikuwa haongei habari za huko hata kidogo, ila ukimpa mtu wa kufundisha alikuwa anabadilika. Kila jioni baada ya kazi mimi na binamu yangu tunapangwa uani, bunduki ni gongo la mninga, ile yenyewe tulishika mara chache sana na risasi zikiwa mfukoni mwake (kisheria hata hiyo haikuwa sawa, leseni ni ya mtu sio ya ukoo, najua, msinianze). Akawa anaziita hali. Hali ya kwanza, wapo nje hawajaingia: zima koroboi, usitoke, kaa kwenye kona mlango uuone wewe, wao wasikuone. Hali ya pili, mlango umevunjwa. Hali ya tatu, uko njiani na baiskeli na wamelaza gogo barabarani, hapo jibu ni kutupa baiskeli na kukimbilia porini, bunduki au sio bunduki.

Hali ya nne ndo ilikuwa sinema. Wamemshika mtu wa nyumbani. Mama mdogo anaitwa kutoka jikoni aje ashikwe shingo na mwanae, anakuja na mwiko umejaa ugali, "fanyeni haraka unaungua". Mi nalenga na gongo langu. Baba mdogo ananiuliza, utapiga wapi? Nasema kichwani. Ananiambia hii kitu inatoa vidonge vingi na vinatawanyika, hapo ushaua wawili na mmoja wao ndo anakupikia. Sasa nifanyeje? Unatoa hela. Mama mdogo akajitoa kwenye mkono wa mwanae, akasema kumbe jibu ni kutoa hela, na mimi wiki nzima nakabwa!

Mwezi wa tatu baba mdogo akaenda msibani Tabora mjini, akaondoka na binamu, kama kilometa 90 hivi. Kabla ya kuondoka akanikabidhi bunduki na risasi mbili. Sijawahi kujisikia mkubwa vile, na sijawahi kulala vibaya vile.

Usiku wa pili. Treni ya Kigoma nilishaisikia ikipita kwa mbali kwahiyo ni usiku hasa. Nikasikia miguu inakimbia, inakuja, halafu mlango ukapigwa, sio hodi, mtu kajitupia kabisa. Nikazima koroboi. Nikaenda kwenye kona. Nikaikunja ile bunduki gizani nikapapasa na kidole, moja ipo, ya pili ipo, baridi zile pete za shaba bado nazikumbuka, nikaifunga. Kla. Nikauliza nani? Kimya. Yani sio kimya, kuna pumzi, mtu anahema kama ng'ombe anayechinjwa na hajibu. Nikauliza tena sauti ikatoka ya kitoto. Mama mdogo nyuma yangu nasikia anasoma Baba Yetu kwa Kinyamwezi. Komeo letu lilikuwa la msumari, mlango ukasukumwa tena likang'oka, na pale mlangoni akasimama mtu kajifunga kitambaa usoni, macho tu, mkononi kashika kitu kirefu. Mbalamwezi iko nyuma yake. Hatua kama tano. Sikuwaza hali ya kwanza wala ya ngapi. Nikavuta.

Haikutokea kitu. Triga ilikuwa ngumu kama nimevuta ukuta. Nikavuta tena, nahisi mara mbili, labda tatu, kidole kinauma kabisa, na yule mtu akashusha kitambaa akasema, "Bani... bani linawaka."

Alikuwa kibarua wetu, Muha wa Kasulu, ndo alikuwa zamu ya kuchochea moto. Tumbaku ikiwa banini unachochea usiku na mchana kama wiki nzima na jani moja likidondokea bomba la moto basi. Kitambaa ni cha moshi. Kile kirefu ni gogo la kuchochelea, hata kulitupa alisahau. Na kujibu hakuweza kwa sababu kameza moshi.

Mama mdogo alishatoka na ndoo. Tukamwaga maji, tukamwaga mchanga, bani moja likaenda lote, la pili likapona, hayo tuyaache.

Sasa ile bunduki. Ukiikunja na kuifunga, sefti, kile kitufe cha kuzuia triga, inajirudisha yenyewe, inabidi uisukume na gumba ndo ifyatuke. Baba mdogo alishatuonyesha, ila gongo la mninga halina sefti. Mimi kwa woga wa kuhakikisha kama risasi zipo ndo nikaifunga. Hiyo ndo sababu yule mtu ana wajukuu.

Baba mdogo aliporudi mama mdogo akamsimulia, kijana wako katulia, kamsubiri mtu mpaka kamjua, mi ningekuwa nishaua. Baba mdogo akanishika bega mbele ya watu akasema huyu ndo alielewa somo. Nikanyamaza. Jioni akakaa anaisafisha, na ile harufu, akaniangalia kidogo, akaniambia kuanzia leo kidole kinakaa nje ya triga mpaka umeona sura. Zoezi hilo hakuwa nalo kabla. Kama alijua au hakujua sijui, amefariki 2017, bunduki tukairudisha polisi na mafuta yake yalikuwa bado yananukia.

Yule kibarua yuko kwao Kasulu. Kila Idi ananipigia, ananiita bwana mdogo mpaka leo na mvi hizi, na lazima aikumbushe: "Wewe ulinisubiri, mwingine angenimaliza." Namwambia tumshukuru Mungu, ambayo sio uongo. Idi hii iliyopita simu iliita mpaka ikakata naiangalia. Baadae nikamtumia meseji kwamba nilikuwa barabarani.