Dawa Isiyokaa

Asubuhi nimenunua kichwa cha mbuzi sokoni Kongowea, na si cha supu. Nilitaka ngozi laini ya ndani ya shavu. Hiyo ndiyo niliyonayo ya kujaribia utando wangu wa dawa ya fangasi, ule wa kubandikwa mdomoni ukaachia dawa kidogo kidogo.

Kazi hii niliipendea Bibi. Mwaka jana aliota fangasi nyeupe mdomoni, chini ya meno yake ya bandia, hata mahamri yakamshinda. Akapewa nistatini ya maji, dawa ya fangasi, asukutue mara 4 kwa siku. “Dawa ni nzuri, mwanangu,” akaniambia, “lakini haikai. Naitia, mate yaja yaiondoa.” Basi tatizo ni hilo hasa. Kinywa hutoa mate kiasi cha lita 1 kwa siku, na kila funda hushuka na dawa. Alipona, ila kwa subira.

Kidonge cha mikonazoli, dawa nyingine ya fangasi, cha kunatisha kwenye ufizi kipo tayari, miligramu 50, mara 1 kwa siku. Mimi nataka kitu chembamba zaidi, ambacho mzee atasahau kwamba kipo.

Gundi yangu ni kaitosani, itokanayo na maganda ya kamba na kaa. Ina chaji chanya, na ute wa shavu una chaji hasi, kwa hiyo hushikana. Naiyeyusha katika asidi ya siki iliyozimuliwa. Dawa yenyewe ni mikonazoli hiyo hiyo, nayo haikubali maji. Lazima niianzie kwenye spiriti, la sivyo hufanya madonge, na kipande kimoja kikabeba dawa kuliko chenzake. Kisha glisarini kidogo, ili utando ukunjike bila kuvunjika.

Hiyo glisarini ndiyo inayonitesa. Hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya Mombasa majira ya masika ni maji matupu. Nikiizidisha, utando hunata vidoleni. Nikiipunguza, hupasuka kama ganda la kitunguu.

Leo nimeubandika kwenye shavu la mbuzi saa tatu, nikautia ndani ya mate ya kutengeneza, nyuzi joto 37. Bibi amepiga simu kuuliza nitampelekea lini. Nimemwambia bado, haujafika kinywani mwa mtu. Adhana ya alasiri imenikuta nimeukodolea macho. Ukingo mmoja ulikuwa umeinuka. Kwengine kote umeshika.